Mchoro wa Kaunta

Epoksi haina subira na mtu. Ukikosea kipimo, inabaki inanata milele. Ukizubaa, inakukaukia ndooni. Kwa hiyo Fundi aliichanganya mwenyewe, kikombe cha gundi kwa kikombe cha dawa ya kukazia, akikoroga polepole isijae mapovu. Kuanzia hapo alikuwa na dakika arobaini. Zikipita, hata upige magoti, gundi haikusikii.

Ubao wa kaunta ulikuwa tayari. Alikuwa ameupiga msasa siku tatu, akaulaza kwa pima maji mpaka tone likimwagika juu yake lisijue liende wapi. Ilikuwa kaunta ya baa ya nyumbani kwa Injinia, rafiki yake tangu wangali wanavaa kaptula. Injinia alikuwa safarini, na mkewe alitaka akirudi akute kazi imekwisha, na ndani ya ile gundi, kama vitu vilivyolala chini ya maji matulivu, aone kumbukumbu zake: tiketi za mpira, nembo za chupa, na katikati kabisa, mchoro.

"Nimeutoa kwenye fremu ofisini kwake, shemeji," mama huyo alisema. "Miaka yote hii ameutunza. Hata hajui kama nimeuchukua."

Fundi aliupokea kwa ncha za vidole. Kaunta ya kalamu ya risasi, viti viwili, chupa moja. Nyuma yake Injinia alikuwa amebandika karatasi nyingine nyeupe, usije ukachanika. Fundi alijisemea kwamba huyo ndiye rafiki.

Mchoro huo ulichorwa mbele ya macho yake, miaka ishirini na miwili iliyopita. Wawili hao walikuwa wameomba chuo kimoja cha uhandisi. Siku hiyo Fundi alikuwa juu ya ngazi, anapiga dari la nyumba ya watu, rafiki yake akaja kumwambia kwamba amepita nyumbani kwa kina Fundi na barua ya chuo hakuna. Sanduku la posta lilikuwa la baba yake Fundi, na ufunguo mzee alitembea nao. Naye mzee alikuwa seremala aliyetangaza waziwazi kwamba anataka mrithi wa karakana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," rafiki yake alisema kwa huruma. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati, akaiweka gotini, akamchorea ile kaunta. Siku moja, alimwambia, mimi nitajenga nyumba, wewe utanitengenezea hii, tukae hapa tunywe tusahau. Fundi alicheka huku machozi yanamtoka.

Baada ya wiki chache rafiki yake akaitwa chuoni. Alikuwa kwenye orodha ya akiba, na kuna mtu hakuthibitisha nafasi yake. Bahati ya mtende, watu wakasema.

Siku zilezile za kungoja barua baba yake alikuwa ameuza mashine ya randa, ile aliyoipenda kuliko kitanda chake, wala hakusema kwa nini. Jioni moja akamtazama mwanawe muda mrefu, akamwuliza, "Kwa hiyo umeamua kubaki?"

Fundi aliona anakejeliwa. Alihama kesho yake. Miaka tisa hakumsemesha baba yake, hata salamu, mpaka mzee akazikwa. Na hakujuta, kwa sababu ukisalitiwa na adui unajua pa kuelekeza hasira, lakini akikusaliti mzazi utaenda kumshtaki kwa nani? Kwa Injinia, basi. Miaka yote hiyo Injinia ndiye aliyemsikiliza.

Karatasi yoyote inayoingia kwenye epoksi hupakwa kwanza gundi nyeupe, mbele, nyuma na kingoni, la sivyo hunywa epoksi ikalowa. Fundi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Tiketi zote alizipaka, nembo zote alizipaka. Mchoro peke yake hakuupaka. Brashi ingevuruga risasi, na hakuwa na moyo wa kufuta hata mstari mmoja wa mkono ule.

Akamimina. Gundi ikatambaa taratibu, ikafika kingoni, ikasimama. Akapitisha moto wa tochi ya gesi juujuu, viputo vikapasuka kimoja kimoja, na kaunta ikang'aa.

"Shemeji," mke wa Injinia alisema, ameinama, "mbona hapa katikati kama pameingia uchafu?"

Mchoro ulikuwa unalowa. Weupe wake uliondoka kidogo kidogo, kama karatasi iliyofungiwa mafuta, na chini ya viti viwili na chupa moja ikaanza kupanda mistari mingine, myeusi ya mashine na bluu ya kalamu. Fundi alikodoa macho. Herufi zilikuwa zimegeuka, hazisomeki.

Akayainua macho kwenye kioo kikubwa cha baa kilichokuwa ukutani mbele yake. Mle herufi zilikaa sawa. Kulikuwa na nembo ya chuo. Kulikuwa na jina lake yeye, lote, na la baba yake, na agizo la kuthibitisha nafasi ndani ya siku kumi na nne. Na pembeni, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na mwandiko mnene uliolala upande mmoja, uleule uliokuwa ukiandika vipimo juu ya kila ubao wa karakana alipokuwa mtoto:

"Mwanangu, nenda. Mashine nimeuza, ada ipo. Barua nimempa rafiki yako akuwahishie."