Zawadi Nyembamba

Zawadi ya Klara ilikuwa nyembamba kuliko zote zilizorundikwa mezani, na alikuwa ameifunga kwa hasira, gluu imetapakaa kila pembe.

Ndani kulikuwa na picha moja tu. Eliasi, mumewe, na Mboni, mwanamke anayefanya naye kazi, wameshikana mikono, wanavuka Mtaa wa Mkunguni mchana kweupe. Klara aliipiga mwenyewe kwa simu, huku mkono wa pili umeshika hotpoti ya chakula cha mume huyohuyo. Tena walimpita karibu kabisa, na Eliasi hakushtuka wala hakusimama. Alimpita mke wake wa ndoa kama anapita nguzo ya umeme!

Haya, leo ni Krismasi, na ndugu zake wote wataiona. Akishaumbuka atachagua, ama mkewe ama Mboni. Nguo za Klara zilishapangwa begini, maana hakuwa na hakika angechaguliwa nani.

Eliasi na Mboni waliuza vitenge duka moja, kwa Rajnikant, kule Mchafukoge. Miaka yote Klara hakuwa na neno na Mboni. Ila tangu Pasaka mambo yaligeuka. Eliasi aliacha kumtazama usoni. Ukimsemesha, macho yake yako dirishani. Klara akasuka nywele mpya, mtindo wa kisasa, asiambiwe hata "umependeza". Akisogeza stuli kidogo tu, bwana anajikwaa na kufoka. Mwanamume akizama kwenye penzi ndivyo anavyokuwa, Klara alijisemea, hata miguu haijui inakoenda.

Na simu je! Meseji za kuandika ziliisha, ikawa ni kutumiana sauti tu.

"Kwani huyo Mboni hajui kuandika?" Klara aliuliza siku moja.

"Ana haraka, mke wangu. Mambo ya dukani hayo."

Eliasi alipoingia bafuni, Klara akaisikiliza mojawapo. "Eli, ya kijani nimeiweka kulia, nyekundu kushoto. Usije ukajichanganya." Loh! Kumbe wameshafika mpaka kwenye mafumbo.

Lakini kilichomuua kabisa ni siku aliyoingia dukani bila taarifa. Alimkuta Mboni amekamata vidole vya Eliasi, anavipitisha taratibu juu ya kitenge, na Eliasi kafumba macho, anatabasamu. Klara aliacha chakula kaunta, akaondoka bila kuaga. Alilia njia nzima, watu wa Kariakoo wakimpisha.

Sasa walikuwa sebuleni, pilau limeshaliwa, na Mama Euphrasia, mama yake Eliasi, alikuwa ameshaitoa ile kanga yake ya zamani. Kwao, tangu wakiwa Ndanda, zawadi ya Krismasi haifunguliwi hivihivi. Unafungwa kanga machoni, unachana karatasi, unapapasa, kisha unataja ni kitu gani na nani kakupa. Ukikosea, unacheza muziki peke yako katikati ya sebule na wenzako wanakucheka mpaka mbavu ziume.

Mwaka hadi mwaka, Eliasi ndiye aliyekuwa kichekesho chao. Krismasi iliyopita alipapasa soksi akaapa kwamba ni kofia ya mtoto.

Mwaka huu, wacha!

"Shati," alisema, karatasi haijamaliza hata kuchanika. "La pamba, mikono mifupi. Umetoa wewe, Robert."

Robert, mdogo wake, akabaki mdomo wazi.

"Hiki kitenge. Waksi safi hii, siyo ile ya kuchuja. Mama, umekuja kununua dukani kwetu, halafu hata salamu hukuniachia!"

"Wee! Mwanangu umekuwa mganga?" Mama Euphrasia akapiga vigelegele.

"Braza, nani kakufundisha?" Robert aliuliza.

"Mazoezi tu, mdogo wangu."

Mazoezi! Klara alimjua mwalimu. Vidole vile ni vyake yeye, alivivisha pete mbele ya padri, leo vimefunzwa na mwanamke mwingine na watu wanashangilia. Akaichukua zawadi yake, akaisukumiza mikononi mwa mumewe.

Eliasi alichana karatasi polepole. Akapitisha kidole gumba kwenye pembe moja, kisha nyingine, akaigeuza.

"Picha," alisema. "Na aliyenipa ni Klara wangu. Nimeshinda tena!"

Hakuna aliyepiga makofi. Upande wenye sura ulikuwa umewaelekea wao. Robert aliangalia chini. Mama Euphrasia alijishika mdomo, vigelegele vimekufa.

"Picha ya nini, Eliasi?" Klara aliuliza. "Waambie ndugu zako."

"Sasa hilo nitalijuaje na kanga usoni?"

"Basi tazama!" Klara aliivuta ile kanga kwa nguvu, ikaanguka sakafuni. "Tazama vizuri, halafu useme mbele ya mama yako!"

Eliasi aliinua picha mpaka usawa wa uso, macho kayakodoa. Mgongo wa picha, mweupe mtupu, ndio uliomwelekea. Aliutazama kwa muda mrefu, juu mpaka chini, halafu akatabasamu.

"Tumependeza, mke wangu," alisema. "Hasa wewe."