Nusu Kilo ya Mbuzi

Machibya alikwama dirishani. Kichwa na mikono vilikuwa nje, kwenye uchochoro wa Mabatini. Kitambi na vingine vyote vilikuwa bado ndani, jikoni kwa mchoma nyama, na wapishi wawili walikuwa wanasukuma.

"Sukumeni, jamani! Anaingia!"

Aliyekuwa anaingia hakuwa askari wala mtu wa kodi. Alikuwa Ng'washi, bibi mwembamba wa miaka sitini na ushee, mama mzazi wa mke wake. Na Msukuma aliyelelewa akalelewa hali chakula mbele ya mama mkwe. Akimwona anaingia mlango huu, yeye hutokea mwingine, hata kama tonge liko mdomoni. Sasa pale mlango ulikuwa mmoja tu.

Alidondoka nje puu! Alipochungulia, bibi alikuwa ameshakaa kwenye kiti alichokiacha yeye, nusu kilo ya mbuzi aliyoagiza iko mezani, inatoa mvuke. Akafungua fundo la kanga, akatoa kitu cheupe, akanyunyiza.

"Dawa!" Machibya alinong'ona. "Ananifunga nisile nyama maisha!"

Mambo yalianzia hospitali. Tangu ruksa ya biashara huria iingie na duka lake la vipuri vya baiskeli lichangamke, Machibya alikuwa amenenepa vizuri, na mtaa mzima ulimheshimu kwa kitambi kile. Asiyekiheshimu alikuwa Daktari Venant. Alimpitishia mashine ya picha tumboni, akasema, "Ini lako limejaa mafuta."

"Ini? Daktari, mimi mzee wa kanisa! Pombe siijui hata harufu!"

"Ini haliulizi dini. Soda tano kwa siku, chipsi, nyama ya mafuta, na kutwa umekaa kwenye kiti. Kitambi, sukari, presha na ini la mafuta hutembea pamoja, na sukari yako imeshaanza kupanda. Bahati yako ini husamehe likiwahiwa. Nakupa miezi mitatu."

Mkewe, Paskazia, aliapa pale pale: kipimo kikirudi kibaya, funguo za duka atashika yeye, na Machibya atakaa nyumbani ale mlenda mpaka akome. Kesho yake mama yake Paskazia akawasili kutoka Misungwi, eti kusalimia. Eti! Machibya si mtoto. Alijua ameletewa mlinzi.

Nyumbani ikawa mchicha na dagaa wa kuchemsha. Mtu mzima na kitambi chake! Kila ikifika saa saba mchana Machibya alitoroka dukani. Baada ya lile dirisha la Mabatini akahamia Nyakato. Hajang'ata hata kipande, kanga ile inaingia. Akabadilisha baa, ikamfuata. Mwisho akaamua kwenda Mkolani, tena kwa miguu, maana pikipiki yake inajulikana mji mzima. Alitembea mpaka viatu vikaomba msamaha. Nyama ikaja, akanawa, akashika kipande cha kwanza, na hapo hapo bibi akateremka kwenye baiskeli ya kukodi, anahema, kanga imembana kiunoni.

Machibya akapita dirishani bila kugusa kingo.

"Mke wangu," alisema jioni ile, "mama haoni taabu kuzurura na jua lote hili?"

"Ananyoosha miguu. Ila ananitia wasiwasi. Chakula changu anakionja kijiko kimoja, ameshiba."

Miezi mitatu ikaisha. Machibya alikwenda hospitali na mkewe, mama mkwe akabaki anasubiri nje ya mlango. Aliona funguo za duka zinaondoka. Daktari Venant akaitazama mashine, akaitazama tena, kisha akamwita nesi aje aone.

"Umepungua kilo kumi na moja! Na ini linarudi safi kabisa. Umewezaje, bwana?"

"Nidhamu," alisema Machibya.

Paskazia akafuta machozi kwa furaha. Machibya naye yalimlengalenga. Kumbe yule bibi amemwokoa, na hakumsemea hata siku moja! Alimsamehe yote, hata ile dawa yake.

"Basi na mama apimwe," alisema Paskazia. "Siku hizi anachoka ovyo, na kiu haimwishi."

Machibya akampisha mama mkwe kwa adabu, akatoka hadi koridoni, akaupa mlango mgongo. Ndani walibaki daktari, Paskazia na mama yake.

"Mama," sauti ya daktari ilisikika, "hili ini ni kama lile la mkweo siku ya kwanza. Hebu legeza kanga. Hapa kwenye fundo umefunga nini?"

"Chumvi."

"Chumvi ya nini? Mama, unakula nini wewe?"

"Mwulize mkwe wangu hapo nje," alijibu Ng'washi. "Mimi nakula tu. Anayeagiza ni yeye."