Rafu ya Buluu

Alibinua mdomo tangu mlangoni. Sebule ya kaka yake ilikuwa imegeuzwa ufuo: makombe ya baharini yamegundishwa kwenye kioo, chupa tupu zilizoviringishiwa kamba za katani zimepangwa juu ya rafu ya buluu iliyokazwa ukutani.

“Kama nyumba za pwani, wifi,” mke wa kaka yake alijigamba. “Na wala sijatumia pesa ya maana.”

“Inaonekana.”

Akaigusa ile rafu. Chini ya rangi, vidole vyake vilikuta maua yaliyochongwa, moja limemeguka. Ulikuwa ubao wa kichwani wa kitanda cha mama yake.

“Mama analala wapi?”

“Chumba cha nyuma. Godoro chini halina neno, wifi. Mgongo unanyooka.”

Alizishusha chupa zote sakafuni, bila haraka.

“Niletee bisibisi,” alisema.