Chachu ya Zenzi

Sebule nzima ilinyamaza Ottmar alipoinua bilauri. Ndivyo ilivyokuwa kila nyumba, mwaka wa sita sasa: mzee anavua kofia, anafumba macho, anapiga funda moja, na watu wanaacha mikate na soseji zao kumtazama.

"Siyo," alisema.

Watu wakashusha pumzi. Wastl, rafiki yake tangu utotoni, akampiga bega. "Pole, bwana. Ipo siku."

"Ipo siku," Ottmar akaitikia. Akaagiza bilauri ya pili, akainywa kwa raha zake, akataka na jibini. Wanawake walitazamana. Maskini, walinong'onezana, anajikaza kisabuni.

Steinreuth ni mji mdogo wa Bavaria, na jiko lake la kupikia bia ni moja, la watu wote. Zamu yako ikifika unapika, unabeba maji yako ya kimea hadi kwenye pango lako mlimani, unayatia chachu, unasubiri. Siku bia inapoiva unatundika nyota ya mbao mlangoni, na sebule yako inakuwa ya mji mzima. Maji ni yale yale, shayiri ni ile ile. Kinachotofautisha bia ya nyumba hii na ya nyumba ile ni chachu, na chachu mtu huirithi kwa mama yake.

Chachu ya Zenzi, mke wa Ottmar, haikuwa na mfano. Bia yake ilinukia ganda la mkate wa moto, na mwishoni kabisa, ukishameza, ikakuachia tufaha mdomoni.

Halafu asubuhi moja Zenzi hakuonekana. Ottmar alisema wamegombana, ameondoka zake. Wapo waliotia shaka, hadi walipoingia jikoni kwake wakakuta rafu tupu: mtungi wa chachu, ule wenye ndege wa buluu, haupo. Hapo wakaamini. Mwanamke wa Steinreuth anaweza kuacha mume, nguo, hata pete ya ndoa. Chachu haachi.

Tangu hapo Ottmar hakupika tena. Pango lake alilifunga kufuli, akawa mtu wa kufuata nyota. Inapotundikwa tu, yeye ndiye wa kwanza mlangoni. Hakukubali kungoja, maana alisema bia ikifika siku ya tatu chachu imeshafifia, na bia zote zinakuwa mapacha. Alipanda treni hadi miji ya jirani, mvua inyeshe, theluji ianguke. "Anamtafuta mkewe kwa ulimi," Wastl alikuwa akisema, na hata wale wasioweza kukaa bila kumtania mtu walimwacha. Nyumbani hakuzima taa. Alilalamika kwamba anasikia mtu akisogezasogeza mitungi jikoni.

Mchana mmoja wa Oktoba nyota ilitundikwa kwa Heidrun. Mama huyu alikuwa amerudi majuzi kurithi nyumba ya shangazi yake, pamoja na pango lililopakana na la Ottmar. Ilikuwa bia yake ya kwanza.

"Usinihukumu sana, mzee wangu," alisema akimwekea bilauri. "Mpishi mwenyewe ndiyo kwanza najifunza."

"Huyu hana huruma, dada," Wastl akadakia. "Bia yangu aliiita maji ya kuoshea pipa. Na alikuwa mgeni wangu!"

Watu wakacheka. Ottmar alivua kofia, akafumba macho, akapiga funda.

Ganda la mkate. Kisha, mwishoni kabisa, tufaha.

Hakusema "siyo". Machozi yalimtiririka hadi kwenye masharubu, na Wastl, aliyeona hayo, akamnyang'anya bilauri, akaonja.

"Zenzi!" alipiga kelele. "Jamani, huyu Zenzi!"

Sebule ililipuka. Mwanamke mmoja alijifuta macho kwa aproni.

"Chachu umeitoa wapi?" Ottmar aliuliza.

Heidrun alienda jikoni, akarudi amekumbatia mtungi wenye ndege wa buluu. "Nilitaka uonje kwanza, ndiyo maana nikakaa kimya. Nilikuwa napanua pango langu, sururu ikatobokea kwako, nyuma ya ule ukuta wa matofali uliojenga kuzuia unyevu. Nikaingiza mkono, nikaugusa huu. Umezibwa kwa nta, na baridi ya mle imeitunza chachu hai miaka yote hiyo."

"Kumbe hakuondoka nayo!" Wastl akamkumbatia rafiki yake kwa nguvu. "Alikuachia, bwana wee! Alikupenda yule mwanamke!"

Ottmar aliitazama bilauri. "Tundu lenyewe kubwa?"

"Mkono tu, mzee. Lakini usiwe na wasiwasi, sitakuachia ubovu. Fundi nimempata, kesho asubuhi anabomoa kidogo, anaingia na taa, kisha anajenga upya." Heidrun akatabasamu kwa haya. "Tena mtungi wenyewe ulinitoa jasho! Mizizi imeuzunguka, imeukumbatia hivi. Niliuvuta mpaka ikakatika."

Ottmar aliivuta bilauri yake, akainywa bia ile polepole hadi tone la mwisho, maana miaka sita hajapata kuonja tamu kama hiyo. Vidole vile vya Zenzi alivikunja mwenyewe juu ya mtungi, kimoja kimoja, kabla ya kupanga tofali la kwanza.