Zamu ya Pikapu

Feni iliondoka Jumapili, wiki moja baada ya hita ya maji ya kuoga. Fundi makochi aliisindikiza kwa macho mpaka mnunuzi wa vyuma chakavu alipokata kona nayo, kisha akarudi ndani kukaa na joto lake.

"Profesa amesema feni zinakula umeme bure," mkewe alisema. "Fungua dirisha, baba watoto. Upepo haulipiwi."

Profesa Majani alikuwa mtu wa redioni. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa na kipindi cha kutunza mazingira, na siku hizi alichokitaja tu, kesho yake kinahama nyumbani kwa fundi. Lililomtia fundi wasiwasi ni jinsi yule bwana alivyomjua. "Kuna watu wana feni imefungwa kwa kamba, waya umechunika, na bado wanaiwasha," alisema, na fundi akainua macho darini. Kamba ilikuwa palepale. Ya hita ndiyo usiseme. Kweli ilikuwa inapiga shoti, lakini kidogo tu, mtu unazoea. Profesa alijuaje?

Mkewe naye aliwahi kuvilalamikia vitu hivyo. Lakini ya mke ni ya kila siku, yanaingia sikio hili yanatokea lile. Profesa humbishii. Utaanzia wapi, na wewe umesomea kushona viti?

Basi fundi akawa anaoga maji ya baridi na kulala kwa jasho. Alishakubali yaishe. Kilichobaki ni pikapu.

Pikapu ile aliinunua kwa jasho la makochi yake ya kwanza. Rangi ilikuwa imebabuka, na moshi wake ulikuwa mweusi mpaka jirani akiisikia anaanua nguo. Ilikuwa na namna yake ya kuegeshwa: unaingia uani polepole, unagonga tairi kuukuu lililoegemezwa ukutani, inasimama. Fundi aliipenda, basi tu. Na bila hiyo makochi ya wateja yangefikaje, kwa kichwa?

Alhamisi jioni aliingia, akagonga tairi, akateremka. Mkewe alikuwa dirishani na simu mdomoni. Akaikata.

"Dada yako?"

"Watu tu." Mke aliitazama pikapu kwa muda. "Sijui kwa nini, moyo unaniambia Jumamosi hii Profesa atagusa magari."

Chakula kilimshinda fundi. Moyo wa mkewe haukuwahi kukosea. Beseni la kuogea alilinunua kabla hita haijatajwa.

Ijumaa asubuhi alifunga karakana, akaenda redioni. Pikapu aliiacha mtaa wa pili, Profesa asije akauona moshi.

Alitegemea kumkuta mzee mwenye miwani na vitabu. Alimkuta bwana mmoja mnene, amevaa koti kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi, anakunywa soda ya chupa ya plastiki. Fundi hakuwa na nguvu hata ya kushangaa.

"Nimekuja kukuomba, Profesa," alisema, kofia mkononi. "Hita ulichukua, nikanyamaza. Feni ulichukua, nikanyamaza. Pikapu niachie. Ndiyo mkono wangu. Magari yaseme mwezi ujao, yaseme mwakani, mimi nitakuwa nimejipanga."

Profesa alimwangalia kwa huruma.

"Kaka, mimi ni mtu wa taarifa za mpira. Kipindi hiki nilibebeshwa tu mwenzangu alipoacha kazi, na uprofesa nilipewa hapahapa mlangoni. Mazingira nayajulia wapi? Kuna mama mmoja ananitumia ujumbe wa sauti kila Alhamisi, ananiambia cha kusema. Nami nasema. Wasikilizaji wanapenda."

Fundi alihisi hasira inampanda, mara ya kwanza tangu hita iondoke. "Mama gani huyo? Watu wamemkosea nini?"

"Simjui hata jina. Wa jana huu hapa, sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza simu, akaiweka mezani.

"Profesa, habari za kazi. Asante kwa feni, sasa nalala bila kunusa waya unaungua. Jumamosi tafadhali sema magari ya zamani. Ila breki usizitaje kabisa. Breki nimeimba mpaka nimechoka, ananiambia tairi lipo. Wewe sema moshi, sema hewa ya watoto, maneno yenu hayo. Mimi hanisikii, wewe anakusikia."

Sauti ikakatika kidogo. Kwa mbali kitu kikagonga ukuta, pu.

"Haya, nikate. Nashukuru Mungu, na leo amefika."