Maua ya Nélida

Trevor Maddock aliiweka bahasha mezani, kati ya birika la chai na sahani ya biskuti za tangawizi, kama mtu anayeweka panya aliyenaswa mtegoni.

"Ya Argentina hii," alisema. "Imeandikiwa chama. Rosalind, wewe ndiye mwenye Kihispania chako cha masomo ya jioni. Hebu tusomee."

Rosalind Petherick aliutambua mwandiko kabla hajaigusa. Alikuwa katibu wa Chama cha Marafiki wa Visiwa vya Falkland, tawi la Plymouth, kwa miaka kumi na minne, na barua zote zilipitia mikononi mwake. Juma hili tu mafua yalikuwa yamemlaza, Trevor akaenda posta badala yake.

Mwenyekiti, mzee Desmond Hartnoll, alikaa mwisho wa meza, ukosi wa shati wazi. Bado walikuwa hawajamzoea hivyo. Miaka yote hakuna aliyewahi kumwona bila tai ya chama, ile ya buluu yenye vikondoo vyeupe. Hata msibani aliivaa. Lakini mwezi Novemba walikuwa wamekwenda visiwani kuweka mashada kwenye makaburi ya askari wao, na alirudi shingo tupu. Alisema kwamba siku moja, alipokwenda peke yake kuvua samaki, upepo wa kule uliichukua.

"Tai umepoteza, samaki hukupata," Glenda, mtunza hazina, alimtania akimimina chai. "Safari ijayo tutakufunga kamba, mzee wangu."

Desmond alitabasamu kidogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mdogo wake alizikwa kule wakati wa vita vya Uingereza na Argentina, na ni yeye aliyeandika kanuni ya kwanza ya chama: Argentina wanadai visiwa ni vyao, basi barua yao yoyote isijibiwe.

Rosalind aliichana bahasha, akaanza kutafsiri.

"Bibi mpendwa. Asante kwa kumfikishia mwanangu Rubén maua niliyomshonea."

Glenda aliacha kukoroga chai. Trevor aliwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza, taratibu kabisa, ni nani kati yao aliyekuwa akiandikiana na watu hao, na ni nani aliyechukua maua yao akayapeleka kwa jina la chama.

"Ni mimi," Rosalind alisema.

Aliwaeleza yote, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Mama huyo, Nélida, alikuwa ameokota anwani yao kwenye jarida la chama. Miguu yake haikumwezesha tena kusafiri. Mwanawe aliuawa vitani akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa zaidi ya miaka thelathini msalaba wake ulikuwa hauna jina. Sasa jina lilikuwa limepatikana. Alituma kwa posta kifurushi kidogo: maua mekundu ya kitambaa, kila jani limeshonwa kwa mkono, na kadi yenye jina la kijana na anwani ya mama. Aliomba kitu kimoja tu, maua yafike.

"Kwa hiyo ukayaweka," Trevor alisema. "Sisi tulikwenda kuwalilia watoto wetu, wewe ukaenda kuwapamba waliowaua."

"Sikuyaweka."

Hapo ndipo aibu ilipompanda hadi masikioni. Aliwakumbusha siku ile basi lilipopunguza mwendo mbele ya makaburi ya Waargentina. Dereva aliuliza kama yupo anayetaka kushuka. Hakuna aliyeinuka. Kifurushi kilikuwa mapajani mwake, ndani ya mkoba. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake mpaka basi likaondoka. Waliporudi nyumba ya wageni alikisukumia kwenye pipa la taka la ukumbini, pamoja na kadi yake. Alipofika nyumbani akamwandikia Nélida kwamba maua yamefika.

Trevor alishusha pumzi, uso ukamlainika.

"Basi hakuna kilichoharibika," alisema, akamsogezea sahani ya biskuti. "Ungesema mapema tusingeshtuka hivi."

Wema ule ulimuuma Rosalind kuliko kofi. Laiti wangemfukuza. Alisema anaacha ukatibu, na kwamba leo hii, kabla posta haijafungwa, atamwandikia yule mama ukweli.

"Mwache mama wa watu," Glenda alisema. "Amefurahi. Utamnyang'anya hata hicho?"

"Anafurahia uongo wangu, Glenda. Kila siku anaamka nao."

"Na ukimwambia atalala na nini?"

Rosalind aliitazama barua mkononi. Aliona mikono ya mama mzee asiyemjua, sindano, uzi mwekundu, kisha akaona pipa lile na majani ya chai yaliyotupwa humo. Alianza kuikunja barua.

"Malizia kusoma," Desmond alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kikao kianze. Alilisema bila kumtazama, macho yake yakiwa dirishani.

Rosalind aliikunjua tena. Ilikuwa imebaki mistari miwili.

"Ile picha uliyonitumia nimeitundika jikoni, naamkia hapo kila asubuhi. Nimekutolea nakala, nawe uwe nayo."

Aliisoma mara ya pili kimoyomoyo. Hakuwa ametuma picha yoyote. Aliingiza vidole ndani ya bahasha, akavuta picha, akaigeuza.

Msalaba mweupe. Jina la Rubén. Na maua mekundu, yamefungwa barabara yasichukuliwe na upepo, kwa tai ya buluu yenye vikondoo vyeupe.