Macho ya Tunu

"Tulia, mwanangu. Nitazame mimi," alisema Lefteri, mchoraji wa Kigiriki, kwa mara ya nne. Tunu akatulia kidogo, kisha miguu yake ikaanza tena kupiga kiti, na macho yakarudi dirishani.

Mama yake hakuweza kukaa. Alizunguka chumba kizima, akaja kusimama nyuma ya mchoraji, akaiangalia picha.

"Fundi, macho haya umeyatoa wapi? Si ya mwanangu."

Lefteri alikunja uso. Macho yale makubwa, yaliyotulia, yanayomkabili mtu moja kwa moja, ndiyo yaliyompa jina. Kila mtoto aliyemchora alikuwa nayo.

"Nimejifunza kwa wachoraji wa kale wa kwetu waliokaa Misri," alisema. "Waliwachora watu hivi, na mtu akifa, picha iliwekwa juu ya maiti ili sura isipotee."

"Maiti!" Mama alimvuta Tunu kifuani. "Huyu katoka kitandani juzi tu, homa nusura imchukue. Leo unamchora kama keshakwenda?"

 Lefteri alichukua kitambaa, akakichovya kwenye mafuta, akayafuta macho yote mawili.

"Akae anavyotaka," alisema.

Tunu alirudi kitini, miguu ikapiga kiti, akatazama dirishani, na ghafla akacheka. Miaka thelathini Lefteri alikuwa akiwachora watoto huku ameligeuzia mgongo dirisha lile. Akaweka brashi chini, akageuka kutazama.